Siku nzima kwa miguu Tanga: Nilivyoijua siri ya presha ya mama

Mama yangu ameishi Dar es Salaam mwaka mmoja na miezi minne. Kwa muda wote huo bahari alikuwa ameiona mara tatu, zote kupitia dirisha la gari. Anaishi Kimara kwa dada yangu, na kutoka Kimara hadi ufukweni ni safari ya daladala mbili, foleni na jasho. Nani ampeleke? Dada yuko kazini hadi saa moja jioni, mimi nazunguka na daftari langu la habari, na watoto wanarudi shule wamechoka. Mama anakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, anachambua mchele, anangoja jua lizame.

Huyu ni mwanamke aliyelima maisha yake yote Chala, wilayani Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa. Kule shamba ni mwendo wa saa nzima, kanisani ni kupanda na kushuka, na gulioni unakwenda na debe la maharage kichwani. Tulimleta mjini baada ya baba kufariki kwa sababu kipimo kilionyesha presha, na sisi watoto tulikubaliana kwa simu kwamba hawezi kukaa peke yake. Tulidhani tunamwokoa. Lakini kila mwezi presha ilipanda, na kila mwezi alirudi kliniki na kidonge cha nyongeza.

Mwezi uliopita, wakati wa likizo ya Juni, nilikuwa na kazi ya siku mbili Tanga. Nikamwambia mama twende wote. Mjukuu wake wa miaka saba, mtoto wa dada, akalia hadi akaingizwa kwenye safari. Kazi yangu niliimaliza Ijumaa. Jumamosi yote ikawa yetu watatu, na niliamua kitu kimoja tu: hatupandi gari.

Sikusema kwamba ni mazoezi. Ningesema hivyo, mama angeniuliza kama nimechanganyikiwa. Mtu aliyekwenda shamba kwa miguu miaka 50 hawezi kuelewa kwa nini watu wa mjini wanavaa viatu vyeupe ili watembee kisha warudi palepale walipotoka.

Barabara ya ngapi hii?

Tulitoka nyumba ya wageni saa 12:30 asubuhi, kabla jua halijawa kali, tukaingia Ngamiani. Kama hujafika Tanga, Ngamiani ndiko wanakoishi watu, na mitaa yake imepangwa kwa namba: Barabara ya 1, ya 2, ya 3, hadi ya 21. Imenyooka kama matuta ya shamba. Kwa mtoto wa darasa la pili huu ulikuwa mchezo uliotengenezwa kwa ajili yake. Alikuwa anakimbia mbele hadi kwenye kona, anauliza watu hii ni ya ngapi, anarudi kututangazia. Pale mbele alitaka kujua Barabara ya 22 iko wapi. Mama akamwambia, "Hiyo iko Chala, mume wangu. Nitakupeleka."

Nyumbani mtoto huyuhuyu akitumwa dukani, mita mia moja, anashika goti anasema linauma. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na wazazi wengi ninaozungumza nao hunijibu kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Mimi siku ile niliona vingine. Alitembea saa nyingi bila kulalamika kwa sababu kulikuwa na kitu cha kutafuta mbele, na kwa sababu hakuna aliyemwambia "shika mkono, gari hilo" kila baada ya hatua mbili. Tanga ni tambarare, barabara zake nyingi ni pana, na baiskeli ni nyingi kuliko nilivyoona mji mwingine wowote wa pwani. Wazee wa kanzu wanapita kwa baiskeli taratibu kabisa, kengele moja tu, kring, wanakuamkia na kupita. Kule kwetu Kimara bodaboda inapita juu ya njia ya waenda kwa miguu na dereva ndiye anayekufokea.

Kifungua kinywa kilikuwa mbaazi za nazi na mandazi, kwenye benchi la mama mmoja aliyekuwa amepanga sufuria zake nje ya nyumba. Alitukaribisha kwa lafudhi ile yao ya kuvuta maneno.

"Karibu bibi, kaa kitako. Mwatoka wapi?"

"Sumbawanga," mama akajibu.

Yule mama akashusha upawa, akacheka hadi akashika kiuno. "Ee! Basi tusisemane!"

Mtanzania yeyote anaelewa utani huo. Sumbawanga na Tanga ndiyo miji miwili inayotaniwa sana kwa uchawi nchi hii, na wengine hudai hata jina la Sumbawanga lenyewe lina maana ya "tupa uchawi". Mama, ambaye kwa kawaida utani huo humkera mno akiusikia Dar es Salaam, siku ile alijibu, "Mimi nimekuja kwa ungo, lakini nimeuacha Kange, wamesema ushuru wa stendi ni mkubwa." Benchi zima likaangua kicheko. Sikuwa nimemsikia mama akitania mtu tangu msiba.

Alikula mandazi mawili na mbaazi zote. Chai hakuinywa. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Reli, nyuki na saa ya Mjerumani

Kutoka Ngamiani unavuka eneo la reli ndipo unaingia mjini. Reli hii ndiyo ya kwanza kujengwa na Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki. Walianza Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Miaka 18 kutoka pwani hadi mlimani. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Inasimuliwa kwamba miche 1,000 ilisafirishwa na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mkonge wote uliotuajiri babu zetu kwa mkataba, wakiwamo watu waliotoka mikoa ya mbali ya magharibi kwenda kukata majani, ulianzia kwenye miche hiyo.

Mama aliposikia neno mkonge alisimama. Alisema baba yake mdogo aliondoka nyumbani akiwa kijana kwenda manamba, na hakurudi. Walikuwa wakisema tu "alikwenda Tanga". Jina la shamba hakuna aliyelijua. Alitazama reli kulia na kushoto kwa muda, kisha akatangulia kuvuka. Nilitaka kuuliza zaidi lakini mtoto alikuwa ameona treni imesimama, na mambo yakawa mengine.

Mjini tulipita kwenye Makumbusho ya Urithi Tanga, ndani ya boma la zamani la Wajerumani, kisha tukashuka hadi bustani ya Jamhuri inayotazama bandari, jirani na mnara wa saa uliojengwa na Wajerumani. Hapo kwenye kivuli tulipumzika kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nilimsimulia mtoto habari ya vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta kikosi cha wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kuuteka mji huu, wakafukuzwa na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck chenye watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Na katikati ya mapigano nyuki wenye hasira wakawatokea askari vichakani na kuwauma ovyo. Nyuki ndiyo sehemu pekee ya vita hivyo aliyoikumbuka. Aliwasimulia hadi usiku.

Mbele yetu kilikuwa kisiwa cha Toten, kidogo, kimezungukwa na mikoko. Jina lake ni neno la Kijerumani la wafu, na kweli kuna makaburi ya kale pale, na magofu ya misikiti. Lakini mama hakuwa anatazama kisiwa. Alikuwa anatazama ukingo wa maji.

"Maji yameenda wapi?"

Yalikuwa yamekupwa sana. Ilikuwa siku za bamvua, na saa nne asubuhi bahari ilikuwa imerudi nyuma, mitumbwi imelalia ubavu kwenye tope, ndege weupe wanatembea mahali ambapo jana yake jioni palikuwa na kina. Mama anajua maji. Ziwa Tanganyika liko chini ya ukingo wa uwanda wetu, na akiwa msichana walikuwa wakiteremka kwa miguu kutoka Chala hadi Kipili, siku mbili njiani, wamebeba maharage na ulezi kwenda kubadilishana na dagaa na migebuka. Lakini ziwa haliondoki na kurudi. Nilimweleza habari ya mwezi kuvuta bahari, maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto anayekusimulia ndoto.

"Yatarudi saa ngapi?"

"Saa kumi jioni yatakuwa yamejaa."

"Tutakuwepo tuyaone," akasema, na ratiba ikawa imepangwa.

Dafu lililokataliwa

Ilikuwa kama saa tano, jua limeanza kuuma licha ya upepo wa kusi, nilipomwita kijana wa madafu. Mtoto akamaliza lake kwa mkupuo mmoja. Mimi nikamaliza langu. Mama alilishika dafu mkononi, akalipeleka mdomoni, akalishusha likiwa limejaa vilevile, akampa mjukuu.

Hapo ndipo nilipohesabu. Chai hakunywa. Chupa ya maji niliyompa saa moja asubuhi ilikuwa kwenye mkoba wake, kizibo hakijafunguliwa. Jana yake kwenye basi, kutoka Dar es Salaam hadi Kange, kupitia Chalinze na Segera, zaidi ya saa sita, alikula chungwa moja tu la Muheza. Mwanamke wa miaka 64, mwenye presha, juani, hajanywa kitu.

"Mama, kunywa maji."

"Nitakunywa tukirudi."

"Mama, jua hili."

Akatazama pembeni kuona kama mtoto anasikia. "Nikinywa nitataka msalani. Hapa msalani ni wapi?"

Nikamwonyesha. Kulikuwa na mgahawa ng'ambo ya barabara, na choo chake kilikuwa kisafi, nilishakiona. Akatikisa kichwa. Na mimi, ambaye kwa miaka minne nimekuwa nikiandika habari za afya, ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuwa nimeuliza mwaka mzima uliopita.

"Na kidonge cha asubuhi umekunywa?"

Kimya.

"Siku ya safari sinywi."

"Safari ilikuwa jana."

"Na jana sikunywa."

"Na juzi?"

Hakujibu. Alianza kukunja pindo la kitenge, anakunja na kukunjua.

Ilitoka polepole. Moja ya dawa zake ni ile ya kupunguza maji mwilini, ambayo humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, hasa saa chache baada ya kumeza. Nyumba anayopanga dada yangu ina choo cha nje, cha kugawana na wapangaji wengine wanne. Asubuhi kuna foleni ya watu wenye ndoo wanaowahi kazini na shuleni, na mama mkwe wa mtu hawezi kusimama kwenye foleni hiyo mara tano huku vijana wa kiume wakimwamkia kila mara. Usiku kuna giza na mbwa wa jirani. Mara moja hakuwahi. Alifua kanga yake mwenyewe kabla watu hawajaamka, na tangu siku hiyo akaamua. Kidonge anakunywa siku mbili au tatu kabla ya kliniki, ili asiwe amedanganya kabisa. Kliniki wanapima, wanaona presha iko juu, wanaongeza dawa. Nyingine ikamvimbisha vifundo vya miguu, na hiyo nayo akaipunguza mwenyewe.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningemwambia nani habari za mkojo? Mume wa dada yako?"

Sikuwa na jibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana shinikizo la juu la damu. Takwimu hiyo nimeiandika mara nyingi, pamoja na sentensi ile tunayoipenda waandishi wa afya, kwamba wagonjwa wengi "hawazingatii matumizi ya dawa". Mgonjwa asiyezingatia alikuwa anakaa barazani kwetu, na sababu yake ilikuwa choo.

Kama una mzazi nyumbani anayetumia dawa za presha, na kipimo hakishuki pamoja na kuongezewa vidonge, kabla hujamgombeza au kuhama hospitali, kaeni wawili, faraghani, umuulize kidonge kinamfanyia nini. Uliza habari ya choo. Uliza akiwa na mtu wa jinsia yake, na si mbele ya mkwe. Dawa hizi haziachwi wala hazipunguzwi kwa uamuzi wa mtu mwenyewe, lakini saa ya kumeza inaweza kuzungumzwa na mtoa huduma, na aina ya dawa inaweza kubadilishwa. Zipo za namna nyingi. Anayepaswa kujua tatizo ni daktari, na daktari hawezi kuota.

Tulikwenda mgahawani. Nilisimama mlangoni kama askari. Akatoka, akakaa, akaomba chai ya maziwa, akanywa vikombe viwili. Kisha maji. Tukakaa pale hadi jua lilipopita kichwani, kama saa tatu nzima, tukila wali na samaki wa nazi bila haraka. Kuna usemi wa zamani kuhusu mji huu, waja leo waondoka leo, na watu huufafanua kwa namna nyingi. Kwa namna tulivyohudumiwa mchana ule, sisi tungeweza kukaa hadi tuzeeke. Vidonge vyake vilikuwa nyumba ya wageni, na niliamua tusivikimbilie. Nilimpigia simu daktari ninayemfahamu, nikamweleza, akaniambia asirundikiwe dozi alizoruka ili kufidia, aendelee kwa saa yake ya kawaida kesho, apumzike kivulini, anywe maji, na tusimame mara moja akisikia kifua kubana, kizunguzungu au kukosa pumzi. Mama alikuwa anasikiliza simu yote. Aliposikia "kifua kubana" akasema kwa sauti ya kutosha daktari kusikia, "Mwambie kifua hakina neno, ni watoto tu wanaonibana."

Dereva na kondakta

Saa tisa tulianza mwendo wa kwenda Raskazone, kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji, barabara inayopita Bombo. Nilipendekeza bajaji. Ni yeye aliyekataa.

Mwaka 1953, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti uliobadilisha namna madaktari wanavyoutazama mwili. Alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Watu wa umri unaokaribiana, kampuni moja, mshahara usiotofautiana sana. Madereva, waliokaa kutwa nzima, walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi kudai nauli. Hadithi hiyo naipenda kwa sababu kila Mtanzania anajua dereva na konda wanavyofanana na wanavyotofautiana. Hakuna kati yao aliyekwenda kufanya mazoezi. Ilikuwa kazi tu.

Mama yangu alikuwa konda miaka 60, tukamgeuza dereva asiye na gari. Wataalamu wanapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamsha mwili, yaani kama dakika 30 kwa siku tano, na wazee wamo humohumo kadiri afya inavyowaruhusu. Huko Chala alikuwa anazimaliza dakika hizo siku moja. Na zile hatua 10,000 ambazo simu zetu zinatudai kila siku, msishtuke mkizikosa: namba hiyo ilianza kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Tulikwenda taratibu. Kanuni yangu ilikuwa rahisi: maadamu anaweza kuongea huku anatembea, mwendo unafaa. Na aliongea. Kila baada ya dakika kumi tulikaa, kwenye ukuta, kwenye mzizi, kwenye kiti cha fundi viatu aliyetupisha. Tulipita Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, yenye jengo lile la Wajerumani lililosimama juu ya jabali kuikabili bahari. Nilianza kueleza kwamba zamani waliamini upepo wa bahari humsaidia mgonjwa. Mama akasema, "Hata sasa unasaidia. Hapa mtu anapumua."

Na hapo, bila mimi kuuliza, akaendelea. Kwamba anachotaka ni kwenda nyumbani. Mahindi yanavunwa sasa Chala na yeye hayupo. Juni kule ni baridi ya kuota moto, watu wanakaa jikoni wanasimuliana. Choo chake kiko hatua kumi kutoka mlangoni na hakuna anayepanga foleni. Hospitali ipo, na mdogo wake yuko nyumba ya tatu. "Mnasema nitakufa peke yangu. Pale barazani kwa dada yako ninakaa na nani kutwa nzima?"

Nilitaka kumjibu kama mwandishi wa afya, kuhusu umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, kuhusu kiharusi, kuhusu dawa kuisha. Mambo hayo ni ya kweli na bado yananinyima usingizi. Lakini nilikuwa nimetoka kusikia habari ya choo, na nikaona heri ninyamaze.

Yamerudi

Tulifika Raskazone saa kumi kasoro. Maji yalikuwa yamerudi, yote, hadi kwenye mawe. Mtoto alikuwa ameshavua shati kabla hatujamaliza kumkataza. Mama alivua viatu, akavipanga sambamba kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akainua kitenge, akaingia hadi kwenye vifundo. Akainama. Nilidhani amejikwaa, kumbe alikuwa anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama tunavyosalimia wakubwa kule kwetu. Aliisalimia bahari. Kisha akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Chumvi kweli! Na nyie mnanikataza chumvi."

(Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na ndani yake ihesabiwe iliyomo kwenye dagaa wa chumvi, mkate na vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Nilimwambia. Alikuwa ameshageuka kumtazama mjukuu.)

Kurudi tulipanda bajaji, giza lilikuwa linaingia na mtoto amelala begani kwangu. Usiku tulikunywa supu ya pweza, mama akisema ni kama kula mpira wa baiskeli lakini akamaliza. Asubuhi alimeza vidonge vyake mbele yangu, na kwenye basi la kurudi nilikuwa nimeshazungumza na utingo kabla hatujaondoka kwamba nina mzee, tutahitaji kusimama. Tulisimama mara mbili. Nusu ya basi ilishuka pamoja naye, nikajua hakuwa peke yake aliyekuwa anajibana.

Wiki iliyofuata dada na mimi tulimsindikiza kliniki, na safari hii alieleza mwenyewe, kwa sauti ndogo, mlango umefungwa. Mhudumu hakushangaa hata kidogo. Walimbadilishia dawa mbili, wakarekebisha saa ya kumeza, na dada amemnunulia ndoo yenye mfuniko ya kutumia chumbani usiku, kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho na sisi tuliosoma tukakiona aibu. Kipimo cha juzi kilikuwa 148 kwa 90. Bado kiko juu ya mstari. Mwezi wa Mei kilikuwa 172 kwa 100.

Habari ya Chala haijaamuliwa. Kaka yetu wa Mbeya anasema hapana kabisa. Dada anasema aende kwa msimu, arudi kabla ya mvua. Mimi nimeanza kuuliza bei za nauli na kama dawa zake mpya zinapatikana kule.

Alhamisi dada alinipigia simu saa nane mchana, sauti juu: amerudi mapema na mama hayupo, kiti kiko barazani kitupu, jirani hajui. Tulitafuta karibu saa nzima. Akatokea mwenyewe kwa miguu, ana fungu la matembele mkononi na vumbi hadi magotini. Dada akamuuliza kwa ukali alikuwa wapi.

"Barabara ya 22," mama akasema, akaingia ndani kutafuta sufuria.